Nasaba ya Mnyama wa Gamba Ashikaye Mwambani

Je, wajua kwamba yule mnyama mdogo mwenye gamba kali, ajibandikaye mwambani na chini ya vyombo, ambaye humkwaruza mvuvi miguu maji yakupwapo, si jamaa wa chaza wala kome, bali ni ndugu yao kaa na kamba? Wataalamu huuita ukoo wake Sirripedia, na zamani hata wao, akiwamo Georges Cuvier wa Ufaransa, walihadaika kwa gamba lile wakamhesabu katika jamii ya chaza na konokono.

Aliyeidhihirisha hakika ni John Vaughan Thompson, tabibu wa jeshi la Uingereza aliyekaa Cork, Ireland, ambaye alivua baharini viumbe vidogo viogeleavyo, akavitia katika chombo cha kioo chenye maji ya bahari, akaviona vikijigandisha, vikajivua ngozi na kugeuka kuwa wanyama hao. Habari akaitangaza mwaka 1830. Kwani mtoto wa mnyama huyu huzaliwa na jicho moja na jozi 3 za miguu, mfano wa watoto wengi wa jamii ya kamba. Kisha, akiisha kuchagua makao, hujishikiza kichwa chini kwa gundi yake mwenyewe, hujijengea kuta za chokaa, na umri wake uliobaki huupitisha akitoa miguu yenye nywele mlangoni ili kuchota riziki majini.

Charles Darwin alimtafiti tangu 1846 hadi 1854, akaandika juzuu 4, mbili katika hizo zikihusu visukuku vya Uingereza, kazi yenye mashaka makubwa kwa kuwa mnyama afapo vipande vya gamba lake hutawanyika. Katika mawe ya Herefordshire, huko Uingereza, yenye umri wa miaka kama milioni 425, wamepatikana jamaa zake wa kale wawili: mmoja mchanga wa kuogelea, na mwingine kijana aliyekwisha kujishikiza.

Dalili ya nasaba iliyo thabiti kuliko zote ni jamaa yao Sacculina, ambaye huingia mwilini mwa kaa akatambaa ndani yake kama mizizi, hana gamba, hana miguu, hana hata utumbo. Lakini mtoto wake huogelea na vipembe viwili vya ukoo wa Sirripedia. Basi ukubwani kiumbe huumbwa na maisha yake, na nasaba yake hubaki imehifadhiwa utotoni.