Silinda Isiyowaka: Kinachosemwa na Skana na Kinachobaki kwa Fundi

Barabara itokayo kituo cha reli cha Kigoma hupanda mlima hadi Mwanga kabla ya kuelekea Ujiji. Gari dogo la petroli lililojaa abiria huweza kudhihirisha katika mlima huo ugonjwa ambao kwenye tambarare hauonekani: injini hushtuka, nguvu hupungua, na taa ya manjano yenye umbo la injini huanza kumetameta mbele ya dereva. Likifika Ujiji, injini hunguruma tena kana kwamba haikuwa na neno. Mafundi husema injini "inamisi". Maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi ilifikiwa na zamu yake ya kuwaka, lakini haikuwaka.

Siku hizi fundi huchomeka skana kwenye soketi yenye matundu 16 iliyo chini ya usukani, na kioo chake huonyesha herufi na tarakimu, mathalani P0303. Dereva huambiwa kwamba silinda ya tatu ina kasoro, na aghalabu hununua koili mpya siku hiyo hiyo. Pengine gari hupona. Pengine fedha hupotea na gari hubaki lile lile. Ili kufahamu kwa nini namba moja huleta matokeo mawili, hapana budi kujua kwanza namba hiyo hupatikanaje.

Kompyuta haioni moto

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroboksi, haina jicho ndani ya silinda. Kinachopimwa nayo ni muda. Injini ya kawaida ya mipigo minne yenye silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko wa krenki, yaani ule mhimili uliopindapinda unaogeuzwa na pistoni. Chukulia kwamba injini isipokanyagwa mafuta huzunguka mara 600 kwa dakika, ambazo ni mara 10 kwa sekunde. Basi nusu ya mzunguko huchukua sekunde 0.050, na kila nusu ni zamu ya silinda moja.

Kwenye krenki hufungwa gurudumu dogo lenye meno. Katika injini nyingi za Toyota gurudumu hilo limegawanywa sehemu 36 za nyuzi 10 kila moja, na meno mawili yameondolewa makusudi ili pengo hilo liwe alama. Kihisio, au sensa kama mafundi wasemavyo, hukaa karibu na meno hayo na kutoa mpigo mdogo wa umeme kila jino linapopita. Kompyuta hupima muda kati ya mpigo na mpigo. Silinda ikiwaka, krenki husukumwa na kuongeza mwendo kidogo. Isipowaka, krenki hulegea, na ile nusu ya mzunguko, badala ya sekunde 0.050, huchukua labda sekunde 0.052. Kihisio cha pili, kilicho kwenye mhimili unaofungua valvu, huijulisha kompyuta zamu ilikuwa ya silinda ipi. Msaada huo unahitajika kwa sababu pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja, hali kadhalika ya pili na ya tatu.

Mwalimu wa fizikia hapa ana swali zuri la darasani. Nishati ya kitu kinachozunguka huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Injini ikipanda kutoka mizunguko 600 hadi 3,000 kwa dakika, kasi imekuwa mara 5, na nishati iliyomo katika krenki na flaiwili imekuwa mara 25. Kwa hiyo upungufu uletwao na silinda moja iliyokosa kuwaka huwa mdogo mno ukilinganishwa na nishati hiyo, na kuugundua huwa kazi ngumu. Ndiyo sababu kompyuta haihukumu kwa kosa moja. Hujumlisha makosa katika mizunguko 200, au 1,000, ndipo huandika namba.

Katika namba yenyewe, P ni alama ya injini na mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu. 0 huonyesha kwamba maana yake ni moja kwa viwanda vyote. 3 ya kwanza ni kundi la cheche na kukosa kuwaka. Na 03 ni silinda ya tatu. P0300 hutolewa makosa yanapotawanyika katika silinda mbalimbali. Lugha hii haikubuniwa kwa ajili ya kuwarahisishia mafundi kazi. Iliwekwa kwa sheria za kupunguza moshi mchafu, Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na katika Jumuiya ya Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia mwaka 2001.

Jaribio lenye badiliko moja

Kwa hiyo P0303 haisemi kwamba koili ni mbovu. Husema tu kwamba krenki ililegea wakati wa zamu ya silinda ya tatu. Ili petroli iwake yahitajika mambo matatu: mchanganyiko wa kufaa, takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Msongo wa kutosha ndani ya silinda. Na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Likikosekana lolote kati ya hayo, krenki hulegea vile vile, na kompyuta huandika namba ile ile.

Fundi mwangalifu hanunui kitu kwanza. Huzima injini, huitoa koili ya silinda ya tatu na kuibadilishana na ile ya pili, hufuta namba, kisha huliendesha gari katika hali ile ile iliyoleta kosa. Ikiwa namba mpya ni P0302, ugonjwa umehama pamoja na koili, na koili imepatikana na hatia. Ikirudi P0303, koili haina kosa. Sasa plagi huhamishwa, na baada yake nozeli inayonyunyiza petroli. Hii ndiyo kanuni ya maabara ya shule: badili jambo moja tu, mengine yaache yalivyo, kisha tazama. Anayebadili koili, plagi na nozeli kwa mara moja huweza kuliponya gari, ila hatajua kilichokuwa kikiliumiza, na mwenye gari amelipia vitatu.

Vyote vitatu vikihamishwa na namba ikabaki pale pale, msongo hupimwa kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Hapa mtu wa Kigoma akumbuke kitu ambacho kitabu cha kiwanda aghalabu hakikitaji. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 92 ya ile ya Dar es Salaam. Injini nzima ambayo pwani ingeonyesha 12 kwenye geji, Kigoma itaonyesha kama 11. La kutazamwa ni tofauti baina ya silinda na silinda. Tatu zikisoma 11 na moja 7, valvu, ringi au gasketi ya silinda hiyo inavujisha.

Kwa nini mlimani

Injini isipokanyagwa mafuta, njia ya hewa imezibwa karibu yote, na kanieneo ya hewa inayoingia ni kama theluthi moja ya ile ya nje. Mlimani dereva hukanyaga, njia hufunguka, na hewa huingia karibu kwa ukamilifu wake. Gesi inayosubiri cheche huwa nzito mara mbili na nusu au tatu zaidi. Kadiri gesi inavyokuwa nzito, ndivyo volti nyingi zaidi zinavyohitajika ili umeme uruke pengo la plagi, pengo lisilozidi sana milimita 1. Cheche huweza kuhitaji volti kutoka 10,000 hadi zaidi ya 20,000.

Umeme hufuata njia iliyo rahisi. Kauri ya plagi ikiwa na ufa, au mpira wa koili ukiwa umepasuka na kuingia unyevu wa masika, kwenye tambarare cheche bado huruka panapostahili. Mlimani huona ni nafuu kupenya katika ufa na kuingia kwenye chuma cha injini. Fundi anayelipima gari hili likiwa limesimama uani kwa gereji huweza kuapa kwamba ni zima.

Skana nzuri husaidia sana hapa, maana kompyuta huhifadhi pamoja na namba hali ya injini ilivyokuwa wakati wa tukio: kasi, mzigo, na joto la maji. Mzigo mkubwa na kasi ndogo huelekeza kwenye cheche. Kosa linalotokea injini ikiwa baridi tu, kisha likatoweka, huelekeza kwingine. Ajabu ni kwamba ukurasa huu wa skana haufunguliwi na wengi, na pengine una thamani kuliko namba yenyewe.

Lakini skana huweza pia kupotosha. Silinda isipowaka, oksijeni yake yote hutoka bila kutumika na kuingia kwenye bomba la moshi. Kihisio cha oksijeni hakitambui petroli isiyoungua. Hutambua oksijeni tu, nacho hutoa taarifa kwamba hewa imezidi. Kompyuta huongeza petroli kwa injini ambayo haikuwa na haja nayo, na huweza hata kuandika P0171, namba ya upungufu wa petroli. Fundi asiyejua kemia ya jambo hili huanza kutafuta pampu mbovu.

Kosa likiwa katika silinda zote, mafuta yenyewe yachunguzwe. Maji yaliyoingia kwenye dumu huzama chini ya petroli na kufyonzwa kwanza. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli huchelewa kugeuka mvuke na hupaka plagi masizi. Uchanganyaji huo ulikuwa tatizo kubwa hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kutia mafuta alama ya siri ya kuyatambulisha, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke.

Barabara nayo huweza kusingizia injini. Kwenye barabara ya udongo yenye matuta madogo madogo, magurudumu huruka na kushika, na mishtuko yao hurudi kupitia giaboksi hadi kwenye krenki. Kwa kompyuta inayopima muda wa meno tu, mshtuko wa njia na silinda iliyokosa kuwaka hufanana. Baadhi ya viwanda hutumia vihisio vya breki kwenye magurudumu kutambua njia mbaya na kusimamisha hesabu kwa muda.

Taa inapometameta

Taa iliyowaka bila kumetameta humpa dereva nafasi ya kufika gereji. Inayometameta humtaka apunguze mwendo mara moja. Petroli isiyoungua huenda kuungua ndani ya masega, kile kifaa cha kusafisha moshi chenye vitundu mfano wa sega la nyuki. Joto lake huweza kupita nyuzi 1,000 za sentigredi, na kauri yake ikaanza kuyeyuka na kuziba njia ya moshi. Plagi ya bei ndogo huwa imeharibu kifaa cha bei kubwa.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayakufungwa na sheria ya Marekani, na baadhi ya yale ya zamani yanayotembea Tanzania hayaijibu skana ya kawaida ingawa soketi ni ile ile. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 fundi huunganisha kwa waya vituo viwili vilivyoandikwa TE1 na E1, kisha huhesabu mimeto ya taa. Mengi ya magari hayo hayapimi kabisa kukosa kuwaka. Hapo hubaki njia ile ile itumiwayo kwa injini za petroli za boti ziwani, zisizo na kompyuta: injini huzimwa, waya wa plagi moja hutolewa na kugusishwa chumani, injini huwashwa na kusikilizwa; kisha huzimwa tena na kujaribiwa silinda inayofuata. Silinda nzima ikikatwa umeme, injini hulegea. Ile ambayo ikikatwa hakuna kinachobadilika ndiyo iliyokuwa haiwaki.