Wamekuja, Lakini Hawajafika



Wapendwa wasikilizaji, Noeli iliyopita nilialikwa na familia moja ya huku Myamba. Watoto na wajukuu walikuwa wamepanda milima yetu ya Upare kutoka Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Makande yalikuwa tayari, moto unawaka, na Bibi ameandaa hadithi zake. Lakini mjukuu mmoja alikuwa akipiga picha sahani yake, mwingine akitazama mpira, wa tatu akicheka peke yake. Kila mmoja alikuwa ameinamia simu. Bibi akanyamaza. Aliponisindikiza njiani akasema, "Padri, wamekuja, lakini hawajafika."

Neno hilo lanisukuma leo kueleza jinsi simu janja zinavyogusa burudani na nafsi za vijana wetu.

Kwanza tutende haki. Simu si shetani. Kwa simu mkulima wa tangawizi huuliza bei kabla hajashusha mzigo wake, na mzazi hutuma karo bila kusafiri. Swali letu ni hili: mbona chombo chenye burudani nyingi hivyo huwaacha wengi bila furaha?

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada, walieleza jaribio walilofanya kwa watu zaidi ya 300 waliokula mkahawani pamoja na rafiki au jamaa. Wengine waliacha simu mezani, wengine waliziweka kando. Wenye simu mezani walifurahia maongezi kidogo kuliko wenzao, kwa sababu fikira zao zilitawanyika. Tofauti haikuwa kubwa, lakini fikirini inaporudiwa katika kila mlo. Furaha ya kukaa pamoja yadai moyo mzima. Hali kadhalika, anayepiga picha harusini ili awaonyeshe watu huanza kujiuliza watasema nini, na hivyo huikosa harusi akiwa ndani yake.

Pili, tuangalie afya ya akili. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na ngoma ina mapambazuko. Mitandao ya kijamii imetengenezwa isiwe na mwisho. Video moja huvuta nyingine, na usingizi hupotea. Tena kijana hulinganisha maisha yake yote na saa nzuri zilizochaguliwa za wenzake, akajiona duni. Mwaka 2023 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alionya kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku katika mitandao hiyo wana hatari maradufu ya matatizo ya akili, zikiwamo dalili za sonona na wasiwasi. Wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani simu ndiyo chanzo, maana kijana mwenye huzuni naye huikimbilia simu. Kwa hiyo kumnyang'anya tu hakutoshi.

Nami naungama kosa langu. Kijana mmoja alikuja ofisini kwangu, nikamsikiliza huku nikisoma ujumbe. Aliondoka bila kusema alichojia. Ilichukua majuma kadhaa kumrudisha, na ndipo nilipojua kwamba alikuwa halali usiku na ameanza kuona maisha hayana maana. Makatekista, mkimwona kijana wa namna hiyo, msimhukumu kuwa amepungukiwa imani. Kaeni naye, msikilizeni, mfikisheni kwa mganga hospitalini. Sala na tiba hazigombani.

Mwinjili Luka anatusimulia jinsi Maria na Yosefu walivyotembea siku nzima wakidhani Mtoto yumo msafarani. Nasi twadhani mtoto yupo nyumbani kwa kuwa yumo chumbani. Wao walipogundua walirudi, wakamtafuta hadi wakamwona. Na Mama alimuuliza sababu, akasikiliza jibu lake.

Tufanye nini basi? Wakati wa chakula na sala simu zote ziwekwe kikapuni, ya baba ikitangulia. Usiku zilale sebuleni, siyo kitandani. Tena tusikataze bila kutoa badala yake: VIWAWA, kwaya, kabumbu, na hadithi za wazee ziwape vijana furaha wanayoitafuta. Tunaye Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Aliijua sana kompyuta, akaitumia kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Lakini michezo ya video alijiwekea saa moja tu kwa juma.

Wapendwa, jioni ya leo mtu mmoja nyumbani mwenu ana neno la kusema. Wekeni simu chini, mumsikilize hadi amalize.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.