Pai, Sambusa na Hesabu ya Moto

Saa moja asubuhi Kayanga bado ina baridi, na ukungu haujaachia migomba. Kwenye hoteli moja ya chai, mama mwenye hoteli anadondosha kipande cha unga kwenye karai. Kikizama na kukaa kimya, mafuta hayajaiva. Kikiibuka na mapovu pembeni, kazi inaanza: maandazi kwanza, halafu sambusa, na chapati kwenye jiko la pili. Hayo ni ya kila siku. Kilichonivuta ni sufuria pana iliyowekwa kando, imepaliwa mkaa chini na juu ya mfuniko.

"Shikamoo, mama. Humo kuna keki?"

"Marahaba, mwanangu. Ni pai. Subiri, bado hazijabadilika rangi."

Alipofunua, zilikuwa sita. Nusu duara, ukubwa wa kiganja, ukingo umebanwa kwa uma, ndani maharage yaliyopondwa na kukaangwa na vitunguu na binzari. Nilikula mbili, ya pili naomba ihesabiwe kuwa utafiti. Nikamuuliza kwa nini zisiwe thelathini kama maandazi. "Sufuria hairuhusu," akasema, akarudi kwenye karai lake.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zina karibu kila kitu ambacho mpishi wa pai angetamani, ila tanuri la pai la mtaani ni kitu adimu. Karai liko kila kona, kuanzia Omurushaka na Nkwenda hadi Murongo mpakani. Wengi wakiulizwa sababu watakwambia ni mazoea, kwamba watu wa huku wamezoea bitoke, yaani ndizi za kupika, na hawana habari na pai. Sidhani. Watu wa huku wanakula pai kila asubuhi, wanaiita sambusa.

Pai ni ganda la unga lililofunga kitu kilichopikwa, basi. Sambusa ni hivyo hivyo, na ukoo wake ni mrefu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikula India vipande vya mkate mwembamba vilivyofungwa nyama, lozi, pistachio na vitunguu, vikakaangwa kwa samli. Akaviandika kwa jina linalokaribiana na hili letu. Karagwe nayo haikuwa pembeni mwa njia za watu wa pwani. Speke, msafiri Mwingereza, alipofika kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861 alifuata njia ya biashara iliyokwisha kukanyagwa, na msafiri mwingine, Stanley, alipokuja mwaka 1876 alikuta makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu pale Kafuro. Kwa hiyo wazo la kufunga kitu ndani ya unga si geni. Kinachotofautisha sambusa na pai ni moto, na kwenye moto ndiko kuna pesa.

Tuanze na ganda, maana nalo lina mambo yake. Ngano si zao la Kagera. Ile ya nchini inajulikana zaidi upande wa kaskazini, kama Hanang, ambako mashamba makubwa yalianzishwa kwa msaada wa Canada, na hata hivyo sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huja kwa meli. Mfuko wa unga unaosagwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,300 kabla ya kufika huku. Ndiyo maana vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022, bei za ngano na mafuta ya kula zilipanda duniani, na andazi la mtaani likaanza kupungua mwili ilhali bei imebaki palepale.

Ganda la pai linakula mafuta kwa namna ambayo andazi halili. Kilo moja ya unga wa pai hutaka karibu nusu kilo ya mafuta magumu, siagi au samli, yanayosuguliwa kwenye unga mpaka ufanane na chenga. Mafuta yale huzunguka chembe za unga, maji yakiingia unga hauvutiki kama wa chapati, na ndiyo maana ganda likiiva linavunjika badala ya kutafunika. Kilo hiyo itatoa pai ndogo kama ishirini na tano, na nusu kilo yote ya mafuta imeondoka na wateja. Andazi hunywa mafuta kiasi, yanayobaki yanarudi kwenye dumu hadi kesho.

Hapo lakini Karagwe ina bahati ambayo Dar es Salaam haina. Siagi ikilainika mkononi kabla ya kuingia jikoni, ganda huwa gumu na zito. Mpishi wa Kariakoo anapambana na joto tangu alfajiri. Mpishi wa Kayanga, kwenye vilima hivi, anasugua samli iliyoganda yenyewe usiku. Na samli haijawahi kuwa ngeni kwenye nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu.

Ujazo hauna shida hata kidogo. Maharage ya Karagwe yanaliwa mbali sana na Karagwe, na yakipikwa yakakauka vizuri hufaa kuliko nyama, kwa sababu adui wa pai ni maji: ujazo wenye rojo hulowesha ganda la chini kabla halijaiva. Ndizi za kupika nazo zinawezekana, zikichemshwa na kupondwa na karanga. Ndizi ndogo za sukari, zikiiva mpaka ganda liwe na madoa meusi, hazihitaji hata kijiko cha sukari. Jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea linatandikwa chini ya pai badala ya karatasi, na halina bei. Kuhusu pai ya senene, wale wadudu wa kuliwa, nimewahi kuulizwa. Mtu wa Kagera hatakubali senene wake wafichwe ndani ya unga.

Sasa moto. Kujenga tanuri si kazi kubwa huku, matofali ya kuchoma yapo na mafundi wapo. Kazi ni kulilisha. Tanuri la matofali huwashwa kuni ndani kwa saa kadhaa mpaka kuta zinywe joto, kisha makaa yanatolewa na kuta ndizo zinazooka. Joto lile halirudi nyuma, linashuka tu. Mwokaji mwerevu anaufuata mteremko huo: mikate ndiyo hutangulia joto likiwa kali, pai zikafuata, halafu keki, na mwisho tanuri likiwa vuguvugu anakausha karanga. Akiruka hatua moja, amechoma kuni bure. Maana yake mwenye tanuri lazima awe na unga wa kulijaza na wateja wa kumaliza kilichotoka, siku hiyohiyo, kwa sababu pai ya juzi haina mnunuzi mtaani.

Karai halina masharti hayo. Linashika moto kwa dakika kumi. Wateja wakija watano, anakaanga za watano. Mvua ikinyesha na stendi ikawa tupu, anaepua, anafunika unga, anangoja. Karai linamsubiri mteja. Tanuri linataka mteja alisubiri. Kwenye mji ambao hujui kama leo watashuka watu ishirini au mia kwenye magari, mama anayechagua karai anafanya hesabu nzuri kuliko anayechora mpango wa bekari kwenye karatasi.

Angalia vyakula vipya vilivyofanikiwa na utaona jambo hilohilo. Ng'ambo ya Mto Kagera, ukitoka Murongo, Uganda nzima inakula rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai. Ilienea haraka kwa kuwa haikudai jiko jipya; kikaango cha chapati kilikuwepo. Hata ile piza ya Zanzibar inayouzwa Forodhani haijawahi kuona tanuri. Ni unga mwembamba uliofunga nyama ya kusaga na yai, ukaivishwa kwenye chuma chenye mafuta. Jina limetoka Italia, moto ni uleule wa chapati.

Umeme ungeweza kubadilisha hesabu. Kagera kwa miaka mingi ilipata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Uganda, na mtoni pale mpakani sasa kuna bwawa la Kikagati–Murongo la megawati 14 linalohudumia nchi zote mbili. Lakini jiko la umeme la kuokea linakula uniti kwa kasi, na umeme ukikatika pai zikiwa katikati, ganda limelala na huwezi kuliamsha. Gesi inaelekea kuwa na nafasi nzuri zaidi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mazungumzo mengi yamekuwa ya mitungi ya nyumbani. Mtungi na jiko dogo la kuokea kwa mama wa hoteli ungekuwa na maana kubwa kuliko mtungi wa kuchemshia maji ya chai, kwa sababu ungempa moto wa kuoka unaowashwa na kuzimwa kama karai.

Bado kuna swali la mfuko wa mteja. Bitoke ndicho chakula, ngano ni kitafunwa cha chai, na kitafunwa hununuliwa kwa chenji. Pai yenye mafuta yote yale haiwezi kuuzwa kwa bei ya andazi. Kahawa ikianza kuvunwa, kuanzia Mei hivi, pesa inatembea na watu wanaonja vitu. Miezi ya ukame wa pesa, mkulima aliyebanwa huweza hata kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, ule mtindo wa butura unaolaaniwa kila mwaka, na mwenye hoteli anaishi na daftari la madeni. Duka linalooka kila siku lingezama Februari. Linalooka siku ya gulio, na kwa oda za kipaimara na harusi, lina watu wake wanaojulikana idadi kabla kuni hazijawashwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bekari ya pai inayoweza kuishi Kayanga au Nkwenda. Haina kibao wala kabati la vioo, ina siku zake.

Nilimweleza mama mambo haya yote nikiwa na kikombe cha pili cha chai, kwa kirefu, kama mtu aliyegundua kitu. Alikuwa anafuta uma kwa kanga.

"Mwanangu, hizo sita ni za majaribio ya chumvi," akasema. "Kesho sipiki pai. Napika Jumamosi, arobaini, kuna kipaimara. Nimeshaazima tanuri la matofali la jirani anayeoka mikate. Akitoa mikate yake, naingiza zangu."

Akanihesabia: chai mbili, pai mbili. Pai hakunitoza.

"Ila ya pili," akasema, "chumvi ilizidi. Hukuona?"