Siri Iliyofichwa Ndani ya Sanamu

Katika hekalu la Seiryo-ji mjini Kyoto, Japani, imo sanamu ya Buddha iliyochongwa nchini China mwaka 985. Wataalamu walipoifungua mgongoni, katika miaka ya 1950, walikuta mifano ya moyo, ini na mapafu iliyoshonwa kwa hariri. Kwa waumini, mti ule ulikuwa hai.

Askari alindaye barabara ya Manibe iendayo Koboko asidhani kuwa hayo ni ya mbali. Kibuuka, shujaa wa Visiwa vya Ssese aliyeuawa akiipigania Buganda dhidi ya Bunyoro, aliabudiwa kuwa mungu wa vita. Taya lake na kitovu chake vilitunzwa ndani ya vifuko vilivyopambwa. Mmisionari John Roscoe alivipeleka Cambridge, Uingereza. Vikarejea Kampala mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Juni 2024 Cambridge ilirudisha vitu vingine 39, ila kwa mkopo wa awali wa miaka 3. Mwenye mali kukopeshwa mali yake!

Basi, afisa akamataye kinyago cha kale chenye tundu lililozibwa asikipasue kwa kushuku magendo. Na awaite wataalamu wa Makumbusho ya Uganda, wakifungue wao.