Martini bila baa: Jinsi Konyagi, ulanzi na ubuyu vinavyoweza kukutana kwenye glasi moja Idodi

Jumamosi jioni, jua limezama na joto la bondeni limeanza kupungua. Washkaji wanne wamekaa uani. Mezani kuna chupa ya Konyagi, limau, asali, unga wa ubuyu na kidumu cha ulanzi kilichoshuka na gari la asubuhi kutoka milimani.

Hakuna baa wala mhudumu mwenye tai. Lakini kila kitu kinachohitajika kutengeneza kinywaji cha daraja la martini kipo hapo.

Katika kata ya Idodi, Wilaya ya Iringa, kwenye barabara inayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, vinywaji vya aina hii huonekana zaidi kwenye kambi za watalii. Ukweli ni kwamba vinatengenezeka nyumbani. Swali la msingi ni mnachanganya nini, kiasi gani, na nani anaendesha bodaboda baadaye.

Martini ni nini hasa?

Martini ya asili ni kinywaji cha vitu viwili: jini na vermouth, yaani divai iliyotiwa mitishamba na kuongezewa pombe kali kidogo. Vinakorogwa na barafu, vinachujwa, kisha linawekwa tunda la mzeituni au ganda la limau.

Kilianza kupata umaarufu Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Nani alikianzisha, hadi leo watu wanabishana. Filamu za James Bond zikakipaisha, ingawa Bond hupenda cha vodka, tena kilichotikiswa.

Siku hizi neno martini limetanuka. Miaka ya 1980 jijini London, mhudumu wa baa Dick Bradsell alichanganya vodka na kahawa, na kinywaji hicho sasa kinaitwa espresso martini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Douglas Ankrah, mwenye asili ya Ghana, alitengeneza cha pasheni na vanila ambacho kimekuwa miongoni mwa vinavyoagizwa sana Uingereza.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mgahawa wa Carnivore wa Nairobi umeipa jina kubwa "dawa": vodka, ndimu, sukari na asali inayokorogwa kwa kijiti. Wazo lake linafanana na caipirinha ya Brazil, ila jina na ladha vimekuwa vya hapa kwetu.

Funzo ni rahisi. Kinywaji kipya huzaliwa pale mtu anapobadilisha kitu kimoja kwa kile kilichopo jirani.

Idodi kuna nini cha kuchanganya?

Vipo vingi kuliko watu wanavyodhani.

Konyagi. Inatengenezwa Dar es Salaam na Tanzania Distilleries Limited na ina kilevi cha asilimia 35. Haina ladha ya mreteni kama jini halisi, lakini ni laini kiasi cha kupokea matunda na viungo.

Divai nyeupe ya Dodoma. Ile kavu, isiyo na sukari, inaweza kukaa mahali pa vermouth ambayo ni ngumu kupatikana vijijini.

Ubuyu na ukwaju. Ukanda wa Ruaha una mibuyu mingi. Ubuyu una uchachu mkavu unaokata makali ya pombe bila kuhitaji limau nyingi.

Kahawa. Mbozi na Mbeya ziko ndani ya ukanda huuhuu wa Nyanda za Juu Kusini.

Ulanzi. Hii ndiyo silaha ya Iringa ambayo baa nyingi za London hazina.

Ulanzi unafanyaje kazi?

Ulanzi hautwangwi wala haupikwi. Ni utomvu wa aina maalumu ya mianzi inayopandwa Iringa na Njombe, hasa maeneo ya baridi.

Wakati wa mvua, mkulima hukata ncha ya chipukizi changa, kisha huendelea kukigema asubuhi na jioni kwa siku kadhaa hadi utomvu uanze kutoka vizuri. Chini yake hufungwa mbeta, chombo cha kipande cha mwanzi, na utomvu hudondoka humo.

Chachu iliyopo hewani na kwenye mbeta huanza kazi mara moja. Ulanzi wa siku hiyohiyo, mtogwa, ni mtamu na mwepesi. Ukikaa siku moja au mbili unakuwa mkangafu: sukari imeliwa na chachu, utamu umepungua, ukali umepanda.

Ndiyo maana mapishi yenye ulanzi hayawezi kuwa na ladha ileile Ijumaa na Jumapili. Ukiutaka mtamu, ununue siku ya kuutumia.

Jambo moja la kuzingatia: usiufunge ulanzi kwenye chupa ukakaza kifuniko. Chachu bado inatoa gesi, na chupa inaweza kuvimba au kupasuka. Wauzaji wazoefu huacha kifuniko cha dumu kikiwa kimelegea, na wana sababu.

Vifaa: usinunue kitu

Sheka, ile chupa ya chuma ya kutikisia, haina ulazima. Chupa safi ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana inatosha. Chujio la chai linafanya kazi ya chujio la baa.

Hamna friji? Nunua barafu dukani, iweke kwenye hotpoti. Chombo kinachotunza wali ukiwa wa moto hutunza barafu vilevile.

Ila uliza barafu hiyo imetengenezwa kwa maji gani. Pombe iliyochanganywa haiui vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo kwenye barafu chafu. Bora mgandishe maji yenu yaliyochemshwa.

Kipimo ndicho kifaa muhimu kuliko vyote. Kijiko kimoja cha chakula ni takriban mililita 15. Vijiko vinne ni mililita 60. Kumimina kwa macho ndiko kunakoharibu ladha na kunakowazimisha watu mapema.

Mapishi matano ya kuanzia

Kila moja ni glasi moja.

1. Kavu ya Idodi. Konyagi vijiko 4, divai nyeupe kavu kijiko 1. Koroga na barafu kwa nusu dakika, chuja, kamulia ganda la limau juu yake. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na martini ya asili.

2. Ya ubuyu. Loweka unga wa ubuyu kwenye maji, uchuje. Konyagi vijiko 3, maji ya ubuyu vijiko 3, asali kijiko 1. Iyeyushe asali kwanza kwa maji ya uvuguvugu kidogo, la sivyo itaganda kwenye barafu. Tikisa.

3. Ya ulanzi. Konyagi vijiko 3, ulanzi mtogwa vijiko 3, tangawizi ya kukamua kidogo, matone ya limau. Hii usiitikise kabisa. Ina gesi na itakurukia. Koroga taratibu.

4. Ya kahawa. Konyagi vijiko 3, kahawa nzito iliyopoa vijiko 2, sukari kijiko cha chai. Tikisa kwa nguvu hadi povu lisimame juu.

5. Ya dereva. Maji ya ukwaju vijiko 6, tangawizi, asali. Tikisa na barafu, weka kwenye glasi ileile kama za wengine. Haina kilevi, na ikitengenezwa vizuri inashindana na zote.

Kwa nini nyingine zinatikiswa na nyingine zinakorogwa? Kutikisa kunaingiza hewa na kuchanganya vitu vizito kama asali na juisi. Kukoroga kunapoza bila kuleta povu. Kote kuwili barafu huyeyuka kidogo, na maji hayo ni sehemu ya mapishi: ndiyo yanayolainisha makali.

Kuonja ni tofauti na kunywa

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Watu wanne, mapishi manne yenye kilevi, kila mtu anajaziwa glasi yake ya kila aina. Tupige hesabu.

Mapishi hayo manne yana jumla ya Konyagi mililita 195. Ukijumlisha divai na ulanzi, aliyemaliza glasi zote nne amekunywa kilevi kinachokaribia bia tatu za mililita 500 zenye asilimia 5. Kwa sababu zimekuja kwenye vijiglasi vidogo vyenye utamu, hatahisi hivyo hadi asimame.

Mwili wa mtu mzima kwa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 za kilevi kwa saa. Bia tatu hizo zinahitaji takriban saa sita hadi nane kuisha mwilini. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji ya baridi. Hiyo ya kahawa ndiyo ya kuwa nayo makini zaidi: inakutoa usingizi, inakufanya ujione uko fiti, wakati kilevi bado kipo palepale.

Njia bora ni hii: tengeneza glasi moja tu ya kila aina, mgawane wanne. Kila mtu anapata robo, na jioni nzima anakuwa amekunywa chini ya bia moja kubwa. Hapo ulimi bado unafanya kazi.

Mambo mengine yanayosaidia:

• Badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha asali na limau kwa pamoja, hutajua kilichoharibu ni kipi.
• Mwonjaji asijue mapishi. Mmoja achanganye, wengine waandike alama kwenye karatasi kabla ya kuongea. Mwenye sauti kubwa mezani huwa anawavuta wote.
• Maji kati ya kila aina.
• Chakula kwanza. Wali wa Idodi na samaki wa Mtera wa kukaanga kabla ya kuanza hupunguza kasi ya kilevi kuingia kwenye damu.
• Andikeni vipimo. Kinywaji kitamu ambacho hakuna anayekumbuka kilitengenezwaje ni hasara.

Mstari mwekundu: gongo

Kuna mtu atasema Konyagi ni ghali, tuchukue gongo. Jibu ni hapana, na si suala la hadhi.

Utengenezaji wa gongo umepigwa marufuku Tanzania tangu miaka ya 1960. Hatari kubwa zaidi ni methanoli, aina ya kilevi cha viwandani ambayo wauzaji wasio waaminifu huongeza kwenye pombe kali ili iwe na makali. Mei 2014 nchini Kenya, pombe ya aina hiyo iliua watu zaidi ya 70 katika kaunti kadhaa, ikiwemo Embu, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona.

Methanoli haina harufu wala ladha ya kuitambulisha, na kuiwasha moto kuangalia rangi ya mwali si kipimo cha kuaminika. Limau, asali na ubuyu vinaificha tu.

Dalili zinaweza kuchelewa hadi siku ya pili: kichwa kuuma vibaya, kutapika, macho kuona ukungu, kupumua kwa shida. Mtu akiwa hivyo, asiambiwe alale hangova iishe. Apelekwe kituo cha afya mara moja na mseme wazi alichokunywa. Dawa ipo, ila inategemea muda.

Ukinunua chupa, hakikisha kizibo hakijafunguliwa na ina stempu ya kodi. Pombe kali za kwenye vifuko, viroba, zilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Ukiuziwa kiroba leo, hujui kimetoka wapi.

Nani asishiriki?

Walio chini ya miaka 18, wajawazito, na wanaotumia dawa zisizopatana na pombe, kwa mfano metronidazole au dawa za kifua kikuu. Kwao ipo namba 5.

Januari 2023, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilieleza kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Kwa hiyo hesabu za hapo juu zinapunguza madhara, haziyafuti.

Pia, kuchanganya nyumbani kwa ajili ya marafiki ni jambo moja, kuuza ni jingine. Ukianza kutoza hela kwa glasi, unahitaji leseni ya vileo.

Kurudi nyumbani

Idodi iko jirani na hifadhi. Vijiji vyake ni sehemu ya eneo la jumuiya ya uhifadhi la MBOMIPA, jina linalotokana na Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Tembo kupita karibu na mashamba usiku si hadithi ya kutishia watoto.

Barabara yenye giza, pikipiki, na mtu mwenye glasi nne kichwani ni mchanganyiko ambao hauna mapishi ya kuurekebisha. Dereva achaguliwe kabla chupa haijafunguliwa, wakati kila mtu bado ana akili zake. Asiyekuwa na dereva alale hapohapo.

Na yule dereva msimwache na soda ya moto pembeni. Mpeni glasi yenye barafu, kalamu na karatasi ya alama. Mwisho wa usiku, ndiye pekee ambaye alama zake za glasi ya mwisho zitaaminika.