Nyumba Ndogo ya Pwani na Mafunzo ya Jahazi

Vijana wengi wa pwani huahirisha ndoa kwa kungojea nyumba kubwa. Msingi huchimbwa, kuta hupanda mpaka kimo cha dirisha, kisha fedha huisha. Majani huota vyumbani, na posa hungoja. Kwa ajili hiyo twawaomba vijana na wazazi wao wakitazame kwa makini chombo walichokiunda babu zetu: jahazi. Humo nahodha na mabaharia huishi siku nyingi pamoja na shehena, maji na chakula, katika nafasi ndogo mno. Kila kitu kina mahali pake, wala hapana pembe isiyokuwa na kazi.

Fundi wa jahazi hujenga kwa kadiri ya mti alioupata. Waashi wa Lamu, mji wa kale ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, waliifuata kanuni hiyo hiyo. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na nguvu ya boriti ndiyo iliyokata shauri la upana: chumba kilikuwa kirefu, lakini upana wake aghalabu haukuzidi meta 3. Hata matajiri waliishi hivyo. Vyombo viliwekwa katika zidaka zilizo ndani ya ukuta wenyewe, na njia ya kuingilia ilipindishwa ili mpita njia asiwaone watu wa ndani. Stira ilipatikana kwa ukuta mmoja uliowekwa mahali pake, si kwa ukubwa wa kiwanja.

Funzo la pili ni kuihadhari chumvi. Mtepe, chombo cha kale cha pwani hiyo, ulishonwa kwa kamba za makumbi pasipo misumari ya chuma. Leo twajenga kwa saruji na nondo, na wengine huchota mchanga ufukoni kwa kuwa ni wa bure. Chumvi ya mchanga huo huila nondo. Kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Basi mchanga uwe wa bara, maji ya kuchanganyia yawe baridi, na karibu na bahari nondo ifunikwe kwa zege ya sentimeta 5. Kwa ukuta usiobeba mzigo mkubwa, mawe ya matumbawe na chokaa vyafaa, kwani chokaa huuacha unyevu utoke.

Tatu, ni upepo na mvua. Mlingoti hausimami kwa uzito wake. Hushikwa na kamba zilizofungwa chomboni. Paa nalo lifungwe kwa kuta, na kuta kwa msingi. Tufani ya Aprili 1872 ilivunja vyombo na mikarafuu ya Unguja, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwezi Mei 2024; asiseme mtu kwamba pwani yetu haijui dhoruba. Madirisha nayo yaelekeane, ili kaskazi na kusi zipite ndani. Kama baharia atunzavyo maji, paa nalo likingiwe tangi: vyumba viwili vya meta 3 kwa 6, pamoja na kuta zake, vyahitaji paa la meta za eneo 40 hivi, na mvua ya milimeta 25 juu yake huleta karibu lita 1,000.

La mwisho ni matunzo, nalo ndilo lisahauliwalo zaidi. Jahazi hupwelezwa ufukoni, likasuguliwa, likatiwa kalafati, na chini likapakwa deheni. Hapana nahodha asemaye chombo chake ni kipya, hakihitaji kazi hiyo. Lakini sisi huijenga nyumba mara moja, tukaiacha mpaka ivuje. Yafaa kila mwaka kabla ya masika familia ipande kuangalia paa, izibe nyufa, na ipake chokaa upya.

Enyi wazazi, msimdai kijana kasri. Vyumba viwili imara, ua wenye stira, na nafasi ya kuongeza kimoja baadaye, vyatosha kuanzia maisha. Kuta nyingi zisizokwisha ni israfu hata kama mwenyewe huziita akiba. Na chombo kidogo kilichoundwa vema hufika bandarini, hali kikubwa kisichomalizika kingali juu ya magogo.