Kromatografia ya Tabaka Nyembamba na Dawa Bandia za Malaria
Mchimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa, mkoani Geita, anayemeza dawa mseto isiyo na kiambato hai hubaki na malaria yake huku akiamini ametibiwa. Kromatografia ya tabaka nyembamba huweza kuifichua dawa hiyo bila mashine ghali. Kidonge husagwa na kuyeyushwa; tone lake na la dawa halisi huwekwa kwenye bamba lililopakwa silika. Kiyeyushi kinapopanda, kila kemikali husafiri umbali wake. Doa likikosekana, kiambato hakimo. Likififia, huenda kimepunguzwa. Nchini Tanzania mbinu hii, kupitia sanduku la Minilab, hutumika katika uchunguzi wa awali. Sampuli yenye shaka hupelekwa maabara kwa uthibitisho.